Taarifa ya Siku Tisini za Mradi wa Kushusha Sukari

Mheshimiwa Baba, Karani wa Mahakama, Msomaji Mkuu wa Daftari na mkalia kiti pekee kisichoyumba. Mheshimiwa Mama, Fundi Cherehani, Amiri Jeshi wa Jiko na mshika funguo za kabati. Mheshimiwa sana Bibi, mzazi wa Baba, Mshauri Mwandamizi wa Masuala ya Sukari kwa miaka kumi na miwili, ambaye leo amehudhuria akiwa ameuweka mguu wake wa kushoto juu ya kigoda kwa sababu ambazo hotuba hii itazifikia. Ndugu yangu Kaka, mwanagenzi wa ufundi baiskeli, ambaye ameshaombwa mara mbili asicheke. Wageni waalikwa, ambao hawakuja kwa kuwa hawakualikwa. Mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

(Kofi moja. Ni Kaka, ameua nzi.)

Nashukuru kwa makofi hayo. Nasimama mbele yenu Jumapili hii, baada ya chakula cha mchana, saa ileile ambayo kwa desturi ya nyumba hii Baba huvaa miwani, hufungua daftari langu la chakula na kulisoma kwa sauti anayosomea hukumu kazini, nikiwa nimeomba kwa heshima na taadhima kwamba leo nilisome mimi mwenyewe. Najua mnashangaa. Mimi ni yule ambaye darasani akiulizwa jibu analolijua huangalia viatu vyake. Lakini Mkurugenzi Mkuu wa Mradi Kabambe wa Kushusha Sukari na Kudumisha Uhusiano Mwema na Tumbo hawezi kuongoza taasisi nyeti namna hiyo huku akiangalia viatu, hasa kesho ikiwa Jumatatu, siku ya kliniki, ambapo mimi na Bibi tunatarajiwa kuonwa na daktari mmoja, chumba kimoja, na daftari moja.

(Mama: "Soma basi, Profesa, vyombo vinanisubiri.")

Mheshimiwa Mama, vyombo ni wadau wetu muhimu, nao watafikiwa.

Kwa manufaa ya wasiojua historia, yaani yule paka, mradi huu ulizaliwa miaka miwili iliyopita, nilipokunywa maji kama mchanga na kukonda hadi sketi ya shule ikawa inazunguka kiunoni peke yake, ndipo ikabainika kwamba nina kisukari cha kuchoma sindano. Kabla sijazoea cheo hicho, tumbo nalo likatangaza kwamba halitaki tena ngano ya aina yoyote, iwe mkate, tambi au biskuti. Tangu hapo mwili wangu unaendeshwa na serikali ya mseto ambayo vyama vyake havisalimiani. Mkate, tumbo linaukataa. Wali, tumbo linaupokea kwa mikono miwili, lakini sukari nayo inaupanda kama ngazi. Kliniki ikatoa mwongozo: nusu sahani mboga, robo maharage au yai, robo wali, pima sukari mara tatu kwa siku, andika kila kitu. Ofisi yangu, ambayo ni nusu ya meza ya cherehani, iliupokea mwongozo huo kwa bashasha, ikaufanyia semina ya siku moja iliyohudhuriwa na mimi, ikaupigia mstari kwa kalamu nyekundu na kuuweka mahali salama ambapo haujaonekana tena.

(Kicheko. Kaka anakumbushwa ahadi yake.)

Sasa mafanikio. Katika siku tisini za utekelezaji, au kama wataalamu wanavyopenda kusema, za implementesheni, mradi umerekodi vipimo mia mbili na sabini bila kukosa hata kimoja, kiwango ambacho muuguzi wa kliniki alipokiona mwezi uliopita aliita wenzake wawili waje watazame mwandiko. Wastani wa sukari ulikuwa saba nukta moja. Aprili, wali sahani nzima: saba nukta tatu. Mei, wali sahani nzima na viazi juu yake: sita nukta nane. Grafu niliyoichora kwa rula ilishuka taratibu kwa adabu, kama mtu anayeteremka ngazi za maktaba. Mashirika ya kimataifa hayajatoa pongezi, ila naamini barua zimechelewa njiani.

Sitaficha changamoto. Ipo Changamoto ya Biskuti, ambapo rafiki yangu wa dawati la mbele alinipa biskuti nne mbele ya darasa zima, nami badala ya kufungua mdomo niseme, "Asante, ninaumwa," nikaufungua nikazila, kwa sababu katika tathmini ya haraka iliyofanywa na ofisi ilionekana ni heri kuumwa tumbo siku mbili kuliko kutazamwa dakika mbili. Siku hiyo Mkurugenzi alifanya ziara ya kikazi chooni, ziara saba kwa jumla, zote zenye mafanikio. Daftarini, tarehe hiyo, inasomeka: "Sita nukta tano. Hali shwari."

(Bibi: "Siku hiyo si ndiyo ulirudi umejikunja kama kamba?" Mkurugenzi anakunywa maji.)

Swali zuri, Mheshimiwa Bibi. Litajibiwa.

Ipo pia Changamoto ya Mtetemeko. Jioni nikitoka shule, mara nyingine mikono hutetemeka, na mwongozo unasema nipime kwanza ili nijue kama kweli sukari imeshuka. Mkurugenzi, akiwa mtu wa vitendo, alianzisha utaratibu wa mkato: kufungua kopo la sukari, kulamba vijiko viwili, kulifunga na kulirudisha likiwa limegeuziwa ukutani upande ule wenye kutu, kama lilivyokuwa. Sikuwahi kupima. Huenda ilikuwa imeshuka kweli, huenda ilikuwa njaa tu. Ninachokijua kwa uhakika wa kitaalamu ni kwamba kopo lilipungua.

(Mama anaweka chini sahani aliyoishika.)

Hapa, mabibi na mabwana, inanipasa nieleze namna mradi ulivyovuka mipaka ya ofisi yangu.

Miezi miwili iliyopita Bibi alihamia hapa ili awe karibu na kliniki. Alikuja na kisukari chake cha vidonge, kanga mbili, na nidhamu ya miaka kumi na miwili: wali wake ulikuwa robo sahani, chai kavu, na kila asubuhi alijichoma kidole mwenyewe, macho yamefumbwa, kisha Kaka akamsomea namba. Jumapili ya kwanza alilisikiliza daftari langu hadi mwisho, akauliza, "Huyu anakula wali sahani nzima na sukari yake sita?" Baba akasema ndivyo ilivyoandikwa. Bibi akanitazama kama mtu aliyefunga miaka mingi akaambiwa hapakuwa na haja ya kufunga. Jumapili ya pili aliomba apakuliwe kama mimi. Ya tatu alinipa boksi lake la vijiti vya kupimia, jipya, akasema maneno ambayo ofisi yangu ilipaswa kuyapinga hapohapo: "Damu yangu na yako ni moja, mjukuu wangu. Vidole vyangu vimechoka kuchomwa. Ukipima wewe, nimepima mimi."

Nikasema, "Sawa, Bibi." Huo ndio mchango wangu katika mjadala huo.

Matokeo mnayajua. Kidole gumba cha mguu wake wa kushoto kilichokwaruzwa na mlango kimekaa wiki tano bila kupona. Alhamisi alisimama ukumbini, akashika ukuta, akasema nyumba inazunguka. Kliniki walipompima, mashine haikutoa hata namba, ilisema tu kwamba ni juu sana. Daktari akauliza anakula nini, akaonyeshwa daftari, akasema chakula hicho hakiwezi kuwa tatizo ikiwa mtoto anakila na yuko saba, basi Jumatatu arudi waone kidole, na familia ichunguze kama bibi huyu anakula kitu kwa siri.

Familia ikachunguza. Ikafungua kopo.

(Mama: "Profesa..." Baba anavua miwani.)

Mheshimiwa Mama, naomba nimalizie, nikinyamaza sitaanza tena. Ijumaa ulimwambia Bibi, kwa heshima zote, kwa sauti ya chini, nikiwa hapo kwenye nusu yangu ya meza najifanya nasoma, "Mama, sisi hatukunyimi kitu, ila sukari usile kwa kujificha, utakatwa mguu." Bibi akakujibu, "Mkwe wangu, mimi ni mzee, si mwizi." Tangu Ijumaa hajakaa mezani kula na sisi. Leo amekuja kwa sababu nilimwambia nitasoma mimi.

(Kaka hacheki.)

Kwa hiyo, kabla sijahitimisha, naomba tupaze sauti pamoja kwa kaulimbiu ya mradi, iliyobuniwa na ofisi yangu pale maktaba, nyuma ya rafu ya kamusi, mahali ambapo shughuli zote za mradi huu zilifanyika. Nikisema "Sukari!", mnajibu "Chini!" Sukari!

(Bibi, peke yake: "Chini.")

Daftari!

(Hakuna anayejua jibu.)

Jibu ni "Uongo." Nimelibuni sasa hivi.

Nawashukuru. Namshukuru Baba, aliyesoma mbele ya nyumba hii, kwa sauti ya mahakama, namba mia mbili na sabini ambazo niliziandika kila Jumamosi mchana kwa mpigo mmoja, ishirini na moja kwa wiki, nikibadilisha kalamu ili zionekane za siku tofauti, na nikichomeka tisa nukta mbili mara mojamoja kwa kuwa nilisoma kwamba ukweli huwa na makosa. Safu ya chakula ilikuwa ya kweli, maana Mama ndiye aliyekuwa akipakua na angenikamata. Safu ya sukari haikutoka kwenye kidole cha mtu. Sindano nilichoma, kwa kuwa Mama husimama mlangoni hadi nimalize. Kupima sikupima hata siku moja. Wiki ya kwanza nilikuwa naogopa kuonekana shuleni na mashine. Wiki ya pili nilikuwa naogopa namba yenyewe. Kuanzia ya tatu nikawa naogopa daftari, maana lilishakuwa zuri mno kuharibiwa na namba ya kweli.

Namshukuru muuguzi kwa kuusifia mwandiko. Namshukuru Mama kwa kulinda kopo, na namjulisha rasmi kwamba mwizi wake ana cheo cha Mkurugenzi Mkuu. Zaidi ya wote namshukuru Bibi, mtu pekee duniani aliyeutekeleza mradi huu, akautekeleza kwa mguu wake, bila kujua kwamba mradi haukuwahi kuwepo. Hukula sukari ya mtu, Bibi. Ulikula maneno yangu. Kesho nitamwambia daktari hayohayo, na nikiangalia viatu, nitayaambia viatu kwa sauti ya kusikika.

Kielelezo cha mwisho ni hiki hapa. Ndilo boksi ulilonipa, Bibi. Tazameni karatasi ya juu: haijachanwa.

(Mama anamwangalia Bibi. Anainuka, anachukua sahani ya Bibi iliyokuwa dirishani, anaileta mezani na kuisogeza kiti cha karibu yake. "Mama, nisamehe," anasema. Bibi anasema, "Tutazungumza. Kwanza huyu.")

(Kaka analichana boksi. Baba anafungua ukurasa mpya, anaandika tarehe.)

Mheshimiwa Bibi, naomba kidole chako.

(Bibi: "Cheo chako kikubwa kuliko changu, Mheshimiwa. Anza na chako.")

(Mkurugenzi anafumba macho. Mashine inalia. Kaka anasoma: kumi na saba nukta nne. Hakuna anayepiga makofi. Baba anaiandika, taratibu, kama karani. Bibi ananyoosha kidole.)