Fotei Uani, Mama Mkekani

Jumatatu, 9 Juni 2025
“Kadi ya matibabu ya wazee haina siri: mzee anaenda ofisi ya komine na kadi yake ya uchaguzi, basi.” Ndivyo alivyotangaza jirani yangu Tshilombo jana, mbele ya kanisa zima. Uongo mtupu! Tangu lini serikali ikampa mtu kitu kwa sababu tu anastahili? Nimesoma historia, mimi. Anayesimama wima hapewi. Anayetambaa huonewa huruma.
Mama yangu, Mbombo, ana miaka sabini na sita na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Leo amemimina chai kando ya kikombe, juu ya goti langu. Wapasuaji wa macho wanafika Kolwezi wiki ijayo. Bila kadi, hawatamgusa. Kwa hiyo: mpango!

Jumanne, 10 Juni
Komine. Nimemtaka ajenti Kabemba aje nyumbani ashuhudie taabu yetu. Amesema hakuna haja, mama aje tu. Nimemhutubia mpaka akachoka. Atakuja Alhamisi. Ushindi!

Alhamisi, 12 Juni
Asubuhi nimetoa fotei za kukalia, kabati na televisheni uani, Kabemba asije akatuona matajiri. Mama nimemlaza mkekani, katikati ya saluni yetu ya wageni, tupu. Amelalamika: mi siko mugonjwa, ni macho tu! Nimemwomba ayafumbe na anyamaze.
Nilisahau jambo moja. Hapa Kapata, fotei zikitoka nje, ndani kuna maiti.
Jirani Mushiya alichungulia tu. Mayowe! Mama Mbombo eh, unatuachia nani! Punde saluni imejaa wanawake walioketi chini, vijana wamefunga njia kwa matawi ya msiba, kwaya imefika. Nimepiga kelele kwamba yu hai. Wamenishika mikono, wakiambiana: muache alie, ni uchungu. Kabemba amefika, amevua kofia, ameandika kitu, amenipa pole, ameondoka.
Kwa nini mama hakuamka? Eti hajawahi kusikia watu wakimsifu vile, hakutaka kuwakatiza.

Ijumaa, 13 Juni
Mama ameandikwa marehemu. Marehemu hapewi kadi. Mtu mwingine angekata tamaa. Mimi nimempeleka komine kama pacha wake mwenyewe! Kabemba amempa pole kwa kufiwa na dada. Mama amemjibu: dada gani, tata yangu? Mi nilizaliwa peke yangu. Nimefukuzwa. Asante, mama!

Jumamosi, 14 Juni
Aibu. Kumbe jana mchana Tshilombo alimshika mama mkono, wakarudi komine na kadi ya uchaguzi. Alisema maneno matatu: Mbombo ni huyu. Kadi imetoka.

Jumanne, 17 Juni
Mama alipasuliwa jana. Leo bandeji ya jicho la kwanza imetolewa. Ameona! Amenitazama, akasema: Kanyinda, nani alikuzeesha hivi? Nimelia kidogo. Ni vumbi.
Wasomi tuseme kweli: bila presha yangu, komine isingetikisika. Tshilombo aliokota tu tunda nililoangusha. Na kadi hiyo ni ya walemavu pia, na goti langu tangu ile chai halikunjiki vizuri. Kabemba amekataa kuja. Atakuja!
Basi ninyi akina mama wa avenyu yetu, na wewe Mushiya kuliko wote, nisikilizeni: Alhamisi fotei zinatoka tena, na mkekani nitalala mimi. Ole wake atakayelia kabla hajanitekenya!