Mama Matilda Asipewe Tuzo Kabla Sijasikilizwa

Point, Durban

Kwa Dk. Absalom,
Mwenyekiti wa Kamati ya Tuzo,
Umoja wa Wazungumzaji wa Kiswahili, Durban

Ndugu Mwenyekiti,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia nikiwa na tai shingoni, maana jambo lenyewe si la kuandikwa kwa nguo za nyumbani. Nimesikia kwamba tuzo ya mwaka huu ya utumishi kwa jamii mnataka kumpa Mama Matilda Cele, afisa wa ile ofisi ndogo ya manispaa hapa Point. Napinga. Mimi ni rais wa Wakongomani wa Point kwa miaka mingi sasa, na miaka yote hiyo nimeingoja tuzo hiyo bila kulalamika. Naomba apewe aliyeingoja. Sababu zangu ni hizi:

1. Mama huyu ameua kusindikizana. Unaijua desturi yetu, ambayo ninyi Wakenya mnaicheka: Mkongomani haendi ofisini peke yake. Huenda na mtu mzito wa kumsemea, anayemjua mtu wa ndani. Mtu mzito wa Point nilikuwa mimi. Sasa Mama Matilda ameweka viti mlangoni na anamwita kila mtu kwa jina lake. Watu wamegundua kwamba mtu wa ndani ni yeye, na kwamba mlango uko wazi. Asubuhi nakaa na suti yangu, mlangoni kwangu hagongi mtu. Kazi iliyonibakia ni moja tu, ya binti yangu Laetitia, anayesubiri nafasi ya shule tangu Januari. Hiyo naishughulikia mwenyewe.

2. Muhuri. Ninao wa mviringo, niliotengenezewa Isipingo, wenye jina langu, cheo changu na kichwa cha simba. Zamani barua isiyo na simba huyo haikutoka Point. Mama Matilda alipouona aliushika kwa mikono miwili, hilo nakubali, kisha akaniambia kwa Kiswahili alichojifunza kwa wasusi: "Papa, hii iko muzuri sana, lakini haiko na lazima. Mutu akuye tu na shida yake." Mwenyekiti, mtu akija na shida yake tu, kiongozi ataishi vipi? Wino umekauka.

3. Amejifunza Kiswahili bila kuniuliza. Mkalimani nilikuwa mimi, na malalamiko ya watu niliyafikisha kwa adabu, nikiyapunguza kidogo yale yaliyonihusu. Siku hizi yanamfikia mazima.

4. Hili liliniuma kuliko yote. Kwenye matanga ya marehemu Fabien, fundi wa simu, Papy wa protokole, mpangaji wetu wa wageni na viti, aliweka makochi mawili mbele, moja la rais na moja la serikali. Mama Matilda alikuja moja kwa moja kutoka kazini, akalishukuru kochi, akapitiliza jikoni. Akaazima kitenge, akajifunga, akaketi kumenya vitunguu na kina mama. Basi wanaume nao wakaanza kusikia kiu, mmoja baada ya mwingine. Nilipofika katikati ya hotuba yangu nilikuwa nalihutubia kochi tupu, pamoja na Papy, ambaye hakuweza kuondoka kwa sababu ya ule utepe wa protokole. Matanga yote yalihamia jikoni, na nasikia huko walilia vizuri sana. Mimi nililia peke yangu.

5. Tangu aje, taa za mtaa wetu zinawaka na taka zinachukuliwa. Nilikuwa na hotuba nzuri sana kuhusu giza. Nitaitolea wapi? Afisa anayemaliza matatizo ya watu anawaacha viongozi wao mikono mitupu. Mkimtukuza huyu, maafisa wengine wataiga, na Durban nzima itabaki bila rais hata mmoja.

Kwa hiyo napendekeza, kwa upendo, Mama Matilda apandishwe cheo haraka. Apelekwe orofa ya juu kabisa, kwenye zulia zito na lifti mbovu, mahali ambapo mwenye shida hafiki. Hiyo ni heshima kubwa kuliko tuzo. Tuzo nileteeni mimi, nipo nyumbani.

Nisalimie Profesa Chepngetich na wajumbe wote wa kamati, pamoja na yule aliyesema mimi napenda vyeo. Mwambie nimemsamehe.

Ni mimi, katika utumishi usioonekana,

Barthélemy Ciza
Rais

N.B. Barua hii ilikaa mezani kidogo kabla sijaituma. Mke wangu Marie-Louise alichoka kusikia kwamba namjua mtu wa ndani. Akamshika Laetitia mkono, akaenda kwa Mama Matilda bila kusindikizwa na mtu. Jana mtoto alipata shule. Karatasi zimeletwa nyumbani zimejazwa zote, isipokuwa sehemu ya baba. Mama Matilda ameagiza kwamba hapo niweke sahihi, na chini yake nipige muhuri wangu, maana shule watafurahi kuuona.

Wino nimeutia maji kidogo. Simba ametoka vizuri. Mpeni tuzo yake, Mwenyekiti, na siku hiyo akikimbilia jikoni, msinitafute kwenye kochi.