Barua Niliyojisifia Upole Wangu

Nawaambia mimi mwenyewe kabla hamjasikia kwa wengine: leo nimeumbuka. Mchana kweupe, mbele ya Prof, na aibu yenyewe nilijiandikia kwa mkono wangu.

Mnajua natafuta pa kusomea shahada ya uzamili, uhusiano wa kimataifa. Nilibakiza programu mbili. Moja ya diplomasia, huko ng'ambo, kwenye picha wanafunzi wote wamevaa suti. Nyingine ya amani na usuluhishi, hapo Burundi, kwenye picha wamekaa kwenye mikeka na wakimbizi. Moyo wangu ulikuwa kwenye suti (msinihukumu). Ilibaki barua ya mapendekezo tu, na mwisho wa kutuma ni leo saa kumi na moja jioni.

Prof wangu hana muda. Nilipomwomba alinijibu anavyowajibu wote: "Andika weye mwenyewe, mademoiselle. Utaleta, miye nitatia sinyatire."

Wewe mwambie mtu ajisifu kwa jina la mwingine uone! Niliandika kwamba sina mfano katika kitivo chetu. Niliandika nina busara ya wazee. Kisha nikaandika hiki, kwa Kifaransa cha kuvaa tai: "Kwa miaka mitano sijawahi kumsikia akipandisha sauti. Hata akikosewa, hutabasamu na kutafuta suluhu." (Mama angesoma hapo angeuliza huyo ni mtoto wa nani.)

Leo mchana nikavaa shati jeupe, nimelipiga pasi ya makaa mpaka likasimama lenyewe. Mbele ya lango la chuo mvua ilikuwa imeacha dimbwi. Pikipiki ikapita mbio. Pwaa! Matope kuanzia kifuani hadi viatuni.

Motari akasimama, akaja mwenyewe. "Pole sana, dada. Sikuona kama mayi iko mingi vile. Unisamehe."

Pole? Nilimfungulia bomba! "Macho yako uliacha kule Mudaka? Kuendesha moto ulijifunza ku mashamba? Weye ni mutu ao ni mbuzi?"

"Uko na haki, dada," akasema, akaenda kuniombea kidumu cha maji ninawe. Nikakipokea. Nikamwagia viatu vyake. (Ndiyo. Mimi. Mwenye busara ya wazee.) Muuza ndizi akanisihi, "Maman, tulia," naye nikampa sehemu yake. Nadhani hata kisiwani Idjwi walinisikia.

Nikajifuta, nikapanda kwa Prof, ghorofa ya pili. Nikamkuta amesimama dirishani. Dirisha liko wazi, na linatazama langoni. Nikajiambia, wazee hawasikii vizuri.

Nikampa barua. Akaishika mbali, akaisogeza karibu, akaiweka mezani. "Nilisahau miwani ku nyumba. Ngoja, motari yangu iko analeta."

Motari yake. Mlango ukagongwa, akaingia na miwani mkononi, viatu vinalia chwa, chwa, chwa.

Prof akavaa miwani, akaanza kusoma kwa sauti. Neno kwa neno! Alipofika "sijawahi kumsikia akipandisha sauti", akatua. Akanitazama. Akatazama dirisha.

"Mademoiselle, nani njo nilisikia sasa hivi pale chini?"

"Prof... ile ilikuwa... matope."

"Ah. Matope njo ilikuwa inauliza mutu kama ni mbuzi?"

Nilitamani nikauke pamoja na yale matope ya shatini. Prof akamgeukia motari. "Justin, huyu dada unamujua?"

Justin akatazama viatu vyake, akanitazama mimi. "Ndiyo, Prof. Tulisalimiana pale chini."

Tulisalimiana! Prof alicheka mpaka akavua miwani. "Pengine barua ningemuandikia Justin!"

Hapo ndipo iliponiingia kweli. Niliona haya ya ndani, si ya kuonwa na watu. Mtu niliyemtukana ndiye alikuwa akinifichia. "Papa Justin," nikasema, "weye ulinipa pole, miye nikakutukana. Unisamehe."

"Ilishaisha, dada. Viatu tu njo haiyakauka."

Nikamsihi Prof, mwisho ni leo. Akachukua kalamu, akafuta ile sentensi, akaandika yake pembeni, akatia sahihi na muhuri. Nikaisoma kwenye ngazi: "Namfahamu. Sijapata mwanafunzi anayehitaji masomo ya amani kuliko huyu."

Basi, suti kwaheri. Barua hiyo ukiipeleka kwenye diplomasia wanakufungia mlango. Justin ndiye aliyenipeleka kuituma, akilizunguka kila dimbwi polepole, nami nyuma kimya kabisa. Saa kumi na nusu barua ikaondoka kwenda Burundi.

Nawaomba msinicheke. Mkinicheka nitawajibu, na dirisha la Prof bado liko wazi.