Mia kwa Pumzi Moja

Jumatatu, 4 Agosti
Mambo yananinyookea! Jumamosi kina mama wa mtaa watachagua mwalimu wa chekechea: mimi, Gunarso, au Bu Sumarni wa nyumba ya pili. Nikishindwa, narudi kumkaangia mama mkwe tempe yake ya soya, na aproni ameshaitundika. Sina wasiwasi. Wanafunzi wangu wanaimba moja hadi mia kwa pumzi moja. Wa Bu Sumarni? Wanacheza congklak, bao letu la hapa Solo! Wanagawa kete shimo kwa shimo. Wakifika nyumba ya mpinzani, wanairuka. Hiyo nayo hesabu? Thubutu!

Jumanne, 5 Agosti
Balaa kidogo. Nilimwomba Ratri, nyota wangu wa miaka mitano, aniletee kerupuk tano, zile chipsi za kamba, nitafune. Akaanza kuimba na kuhesabu. Tano akaipita kama haioni. Kopo likaisha. Akaenda kuazima kwa jirani! Nikamwuliza mbona hasimami. Akanishangaa: wimbo haujaisha, Pak Gun.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemchungulia Bu Sumarni. Akisema jua, watoto wanalala. Akisema mwezi, wanaamka. Kinyumenyume! Alinikuta nimenasa kwenye ua wa mianzi. Akaninasua, akanieleza bila kinyongo kwamba mtoto aanze kujua kujizuia, kukumbuka alichoagizwa na kubadili mwendo; hesabu itapata pa kukaa. Nikashukuru, nikauiba mchezo.

Jioni nikawaambia wangu wafanye kinyume cha nisemacho. Wakaupenda mno! Nikawaambia waende kwao, wakaketi. Nikawaambia wanyamaze. Mungu wangu! Mama yake Ratri akaja, akawaamuru wabaki hapa hapa milele. Wakatimka mbio.

Ijumaa, 8 Agosti
Dawa imepatikana. Nikikuna pua, Ratri anaacha kuhesabu. Tumefanya mazoezi. Kazi kwisha!

Jumamosi, 9 Agosti
Mkuu wa mtaa akaagiza watoto wampe kila aliyeketi lemper tatu, vitonge vya wali vya kufungwa kwa jani la mgomba. Ratri akaanza na mama wa kwanza. Wimbo! Lemper zikapanda kifuani kwa yule mama, zikamfika kidevuni. Nikakuna pua. Ratri naye akakuna yake, akaendelea kwa mkono wa pili. Nikapiga kelele waache! Wangu wote wakakumbuka mchezo wa kinyume, wakaja kumsaidia.

Sinia likajazwa upya. Watoto wa Bu Sumarni wakapita taratibu: tatu, tatu, tatu. Nami nikatega sahani. Wakaniruka! Wisnu, mmoja wao mwenye pengo, akanieleza kwa adabu zote kwamba nyumba ya mpinzani haiwekwi kitu. Kina mama walicheka hadi machozi. Kwenye kura hata mama yake Ratri hakuninyooshea mkono. Imeniuma, sifichi.

Jumapili, 10 Agosti
Nakaanga tempe. Bu Sumarni kaja kunialika niketi mkekani na watoto, nijifunze. Mimi! Nikamwambia nina shughuli. Na kweli ninayo: mama mkwe anafuga beo, ndege wa kuiga kila anachosikia. Hachezi, hachoki, wala hana mama wa kupiga kura. Asubuhi nzima nimemfundisha moja, mbili, tatu. Adhuhuri akafungua mdomo na kusema, kwa sauti ile ile ya mama mkwe: "Gunarso, tempe inaungua!"

Maneno matatu kamili! Mia haiko mbali.