Kidole Changu Chini ya Kitambaa

Jumapili, 2 Februari

Mwiba wa mgunga umeniingia kidole cha shahada, mkono wa kulia. Nilikuwa nimepenyeza mkono kwenye ua wa boma la Guleid, dalali mwenzangu, ili nichungulie ngamia wake wamekonda kiasi gani. Wamenona! Mwiba nimeung'oa kwa meno. Nadhani umetoka wote.

Jumatatu, 3 Februari

Kidole kimevimba. Chekundu, cha moto, kinapwita. Wakati mbaya kabisa! Keshokutwa Mzee Yarrow anafikisha ngamia wake kutoka Banissa. Ametugawia nusu kwa nusu tumuuzie, mimi na Guleid. Atakayeuza vizuri ndiye atakayekuwa dalali wake siku zote. Na sokoni kwetu bei ya ngamia haitajwi kwa mdomo. Mnunuzi na dalali huingiza mikono chini ya kitambaa, wakabanana vidole, na vidole ndivyo vinavyosema. Dalali mwenye kidole kibovu ni muadhini asiye na sauti.

Guleid ameniuliza mbele ya watu kama hiyo ni ndizi ya Tana, na kama inaiva leo au kesho. Wote wakacheka. Jibu zuri nimelipata nikiwa tayari nyumbani.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda zahanati ya Waberi kwa Ramla, binti wa dada yangu, ambaye ni tabibu hapo. Amenishika kidole, nikaruka. Amesema, abti, yaani mjomba, kipande cha mwiba kimebaki ndani na vijidudu vimeingia nacho. Wekundu na joto ni damu inayokimbilia mahali palipoumia. Uvimbe ni maji yanayovuja kutoka kwenye mishipa pamoja na seli za ulinzi zinazokuja kupigana. Usaha ni maiti wa vita hivyo. Anataka kupasua, atoe mwiba, afunge bandeji.

Bandeji! Kesho soko! Nimemwambia baada ya Jumatano, inshallah. Amesema seli iliyoumia hupona ukiondoa kinachoiumiza mapema, ila kuna mpaka, ikiuvuka hairudi. Nimemwambia anaongea kama mtu wa uhamiaji. Hakucheka.

Nimepita duka la dawa. Mwenye duka ana vidonge vinavyoshusha uvimbe wowote. Ni vilevile mabibi arusi wanavyovimeza ili wanenepe. Sikumuuliza inawezekanaje. Nimemeza maradufu.

Jumatano, 5 Februari

Muujiza! Kidole kimenywea. Hakiumi hata kidogo. Kwa kweli sikihisi kabisa. Masikini Ramla, na masomo yake yote.

Baadaye. Sitaki kuandika, lakini naandika. Mnunuzi mkubwa aliniingizia mkono chini ya kitambaa. Nilihisi amebana vidole viwili. Dharau gani hii? Nikauvuta mkono wangu, nikamwambia akanunue kuku. Akaondoka moja kwa moja hadi kwa Guleid, na nusu ya Guleid ikauzika yote kabla ya adhuhuri. Guleid mwenyewe ndiye aliyekuja kunieleza, taratibu, kama anayempa pole mfiwa. Mnunuzi alikuwa amebana vitatu. Cha tatu kilikuwa kile nisichokihisi.

Mzee Yarrow hakupaza sauti. Ameniita adeer, kama mtu wa ukoo wake, akasema ngamia wangu wametembea jua lote hilo, na wewe ulikuwa umelala. Laiti angenitukana.

Alhamisi, 6 Februari

Ncha ya kidole ni nyeusi. Nimerudi kwa Ramla. Alinusa kidole, akauliza nimemeza nini. Nimemwonyesha. Akafumba macho. Kisha akasema vidonge havikuua kijidudu hata kimoja. Viliwarudisha askari kambini, vijidudu vikabaki peke yavyo vikila. Maumivu yaliisha kwa sababu nyama ya kuuma ilikuwa inakufa.

Hospitalini wamenikata kidole, kwenye kifundo cha karibu na ncha.

Ijumaa, 7 Februari

Msikitini, kwenye tahiyatu, nimeinua kilichobaki. Guleid alikuwa safu moja nami. Aliona, akatazama mbele. Leo hakutania. Ningependa angetania.

Ningemkubalia Ramla siku ya Jumanne, kukatwa huku kungekuwa kupasuliwa kidogo tu, kabla ya chai.

Jumanne, 18 Februari

Kidonda kinakauka. Ramla ameniapisha nimalize vidonge vyake vyote, hata nikijiona mzima. Amesema, abti, mara hii nisikilize. Nimemsikiliza. Lakini mtu mzima anameza dawa ya nini?

Habari njema ni kwamba Mzee Yarrow anatafuta ngamia wa maziwa wa kumwachia binti yake hapa mjini. Nafasi ya kurudisha heshima yangu! Nimempata jike mmoja kwa bei ya huruma. Ana homa kidogo, na anakohoa. Nimesaga vidonge vya Ramla vilivyobaki nikamnywesha vyote. Tangu alasiri amenyamaza kabisa, amelala, hata majani hayagusi.

Kesho nitampeleka sokoni mapema, nikipata watu wa kumsimamisha.