Ile Saa Nyekundu ya Kuniachisha Kazi

Kamina, siku ya tatu, kisha mvua

Kwa Hénoch, mutengenezaji wa michezo ya telefone, Lubumbashi

Bwana Mutengenezaji,

Najua weye ni mujukuu wangu, na matako yako niliyapanguza mbele haujajua A wala B. Lakini leo siandike kama kaku yako. Ninaandika kama mulalamikaji, na mulalamikaji hana mujukuu. Salamu za jamaa utazikuta kule chini.

Uliniwekea mu telefone muchezo wa treni wenye ulitunga kufuata hadithi zangu. Muntu anajifanya chef de gare, mukubwa wa stesheni ya Kamina: anapandisha bantu, anapiga filimbi, treni inaenda Bukama. Muzuri sana. Hata kofia yangu nyekundu haukuisahau. Lakini pale juu, ku kona, uliweka saa nyekundu yenye kuhesabu kinyumenyume kutoka dakika tatu. Ikifika ziro, telefone inalia kama mbuzi na inaandika: UMEACHISHWA KAZI.

Nilikuwa chef de gare miaka makumi tatu na moja. Hakuna mukubwa hata moja mwenye aliniachisha. Saa yako imeniachisha mara makumi ine na sita mu juma moja, mbele ya muke wangu Valérie, mwenye anacheka mpaka anashika ukuta.

Basi, malalamiko yangu ni haya:

1. Saa yako haijue salamu. Wa kwanza kufika ku treni ni chifu. Ulimuchora vizuri, na ngozi yake ya chui. Muntu mwenye alilelewa hasalimie chifu na kidole. Niliweka telefone chini, nikainama, nikapiga makofi vile inafaa. Kupiga makofi inaomba mikono mbili, Bwana. Telefone ulitaka niishike na meno? Wakati niliinua kichwa, nilikuwa nimeshaachishwa.

2. Nyuma ya chifu anakuja ule mama wa beseni ya karanga. Anaenda Luena kuona binti yake mwenye amezaa mapacha, na anaanza kueleza. Chini ya maneno yake uliweka kidude kimeandikwa RUKA. Nimuruke? Mama wa bantu, na mapacha yake, nimuruke kama kijito? Ninamungojea amalize. Ninamuuliza majina ya batoto. Hajibu, lakini hiyo ni kosa yako, si yake.

3. Hii njo inaniuma. Cyprien, jirani yangu, mwenye zamani alikuwa anaendesha treni na hakupita mbele yangu hata siku moja bila kuvua kofia, nilimuazima telefone kwa huruma. Anaruka bantu yote! Chifu, tui! Mama wa mapacha, tui! Amefika Bukama mara tisa. Sasa bantu benye baliniita "Chef" tangu Valérie iko na kiuno ya kisichana, banamuita yeye Chef. Juzi muuza mukate aliniita "Papa Mbayo". Papa Mbayo, kama muntu yeyote! Na Cyprien anapita ku lupango ya nyumba yangu, anapaaza sauti: "Papa Mbayo, leo bamekuachisha mara ngapi?" Sina kitu ingine nilitoka nayo mu kazi, Bwana. Ni ile jina tu.

4. Kwa hiyo ninaomba saa isimame wakati ninasalimia. Isimame wakati ya mvua, sababu malata ya paa inapiga kelele na filimbi haisikike. Isimame nikikula bukari, na nikilala kisha kula. Isimame mu maombi: siku ya Mungu niliachishwa macho ikiwa imefungwa.

5. Tena, nani anaangalia hiyo saa? Mimi nilikuwa na mukubwa, na mukubwa alikuwa na mukubwa wake. Saa yako haina mukubwa, haina congé ya kupumzika, haigonjwe. Ishuke pale juu. Ipewe sura na miguu. Ije mu bureau yangu, ivue kofia, iulize habari ya nyumbani, njo iseme eti nimechelewa. Nitaikalisha ku kiti ya inje ingojee. Mangaribi nitaiachisha mimi.

Kama hiyo yote ni kazi nguvu kwako, ondoa saa kabisa. Treni ya bantu bazima inaondoka bantu bakisha kuagana.

Pokea, Bwana Mutengenezaji, heshima za muntu mwenye amekosa kazi mara makumi ine na sita na angali anaamka mapema.

Sasa nimevua ulalamikaji. Salimia mama yako, salimia muke wako Chancelvie na tumbo yake, salimia hata ule jirani wako mwenye redio kubwa. Valérie anasema ku foto umekonda.

Mbayo Séraphin
Chef de gare (wa kweli)

N.B. Barua hii ilikuwa ingali mu mufuko, ninangojea muntu mwenye kusafiri, wakati Théo, ule rafiki yako, alifika toka kwako na muchezo mupya. Kumbe vile nilikulilia ku telefone ulisikia: saa umeiondoa. Asante. Lakini sikiliza. Bila saa, Cyprien hana tena sababu ya kuruka muntu. Sasa anapiga makofi kwa chifu, anainama kuliko mimi. Mama wa mapacha anamusikiliza mpaka mwisho, na machozi juu. Bantu banajaa kwake: "Ona Chef Cyprien vile iko na adabu!" Tangu siku ya tano telefone haijarudi, treni haijaondoka, na hakuna mwenye anajali. Mbele alinishinda mu mbio tu. Sasa ananishinda mu heshima.

Rudisha saa. Weka dakika mbili, isiwe tatu. Ninakupa mpaka siku ya kwanza saa sita, Hénoch, na nimeshaanza kuhesabu.