Sakafu Tatu, Dawa Moja

Jumatatu, 3 Juni

Mama mkwe amepiga simu. Daktari wa goti amemkataza kuishi peke yake. Jumamosi atakuja kukagua kwetu, Jumapili atakagua kwa mwanyumba wangu, yule aliyemwoa dada wa mke wangu, kisha atachagua pa kuhamia. Kukagua! Ndivyo alivyosema. Alikuwa msimamizi wa usafi hospitalini miaka thelathini na moja, na mpaka leo akiingia nyumba ya mtu husalimia sakafu kwanza.

Mke wangu alifuta sahani moja mara tatu. Namjua: anamtaka mama yake mpaka anaogopa kulisema. Basi nimeapa, mama atahamia hapa. Niko likizo wiki nzima, sakafu niachiwe mimi. Mke wangu alinitazama kutoka utosini hadi unyayoni, akanieleza polepole. Vigae vya sebuleni, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Saruji nyekundu ya jikoni, deki kisha nta. Mbao za chumba cha wageni, tambara lililokamuliwa mpaka likauke, basi. Njia tatu kwa nyumba moja! Watu wanapenda kujitesa.

Jumanne, 4 Juni

Nimevumbua dawa moja ya sakafu zote. Sabuni ya unga, siki, mafuta ya kupikia vijiko vinne, na nta nyekundu iliyoyeyushwa. Nimeanza na jikoni. Inang'aa! Nimejiona uso wangu humo, na si uso mbaya.

Mwanyumba amepiga simu kuulizia hali. Uongo. Alitaka nijue kwamba amenunua ndoo yenye kanyagio, inayokamua dekio yenyewe. Nilimwambia hongera. Sikumaanisha.

Jumatano, 5 Juni

Sebuleni mambo yameenda mrama kidogo. Vigae vyeupe vimekuwa vya waridi, hasa kwenye mistari. Pia vinateleza. Nilitoka mlangoni nikafika dirishani bila kupiga hatua, na pale dirishani nikala mweleka. Naandika nikiwa nimesimama.

Mke wangu alirudi, akasimama kizingitini. Akaniomba kwa upole, ule upole wa kutisha, nisiguse mbao. Nikakubali. Wakati ule nilikuwa nasema kweli.

Alhamisi, 6 Juni

Lakini zile mbao zilionekana kavu sana. Kitu kikavu si kinataka maji? Nikamwaga ndoo nzima ya dawa, nikafunga mlango ili iingie vizuri.

Kufikia mchana mlango haufunguki. Mbao zimevimba, zimeubana kutoka chini. Chumba chenyewe ndicho cha mama mkwe! Nikamkimbilia seremala wa ghorofa ya chini. Alicheka kwanza, kazi baadaye. Akaung'oa mlango, akauchonga, akapiga goti na kupapasa mbao kama anampima mtoto homa. Akasema nifungue madirisha na niziache zikauke zenyewe. Nikamuuliza kama naweza kuharakisha kwa pasi ya nguo. Aliondoka na ndoo yangu.

Ijumaa, 7 Juni

Mpango mpya: mazulia! Nimeazima manne kwa majirani. Nikayatandaza, nikajipiga kifua.

Mke wangu aliomba ruhusa kazini, akarudi mapema. Akayakunja yote manne. Akakaa chini na mswaki mkuukuu, akaanza kusugua mistari ya vigae, mmoja mmoja. Nikamweleza kwamba chini ya zulia hakuna atakayeona. Akaendelea kusugua.

"Sitaki sakafu ing'ae," akasema. "Nataka mama asianguke."

Niliona aibu, aibu ya kweli. Nikatafuta mswaki mwingine nikakaa karibu naye. Maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo. Tulisugua mpaka jua likahamia ukuta wa pili, na akanisimulia jinsi mama yake alivyokuwa akirudi kutoka hospitalini na harufu ya sabuni mikononi. Rangi ya waridi haikutoka yote, ila utelezi ulikwisha. Ilikuwa siku nzuri.

Jumamosi, 8 Juni

Mama mkwe kaletwa na mwanyumba, ambaye macho yake yalikuwa yanatembea kila kona. Mama akavua viatu. Akatembea sebuleni pekupeku, akasimama, akasugua kigae kwa kidole gumba cha mguu. Akaenda jikoni. Akaenda chumbani kwake, akakanyaga nundu ya mbao. Akauliza ni nani aliyefanya hivi.

Mke wangu akafungua mdomo kunikinga. Nikamwahi, nikasema ni mimi, Mama. Akauliza nilichanganya nini. Nikamtajia. Kwenye vijiko vinne vya mafuta alifumba macho.

Kisha akaomba kiti, maji ya uvuguvugu na matambara. Akakaa katikati ya sebule akatusimamia saa mbili nzima. Wote! Hata mwanyumba, na suruali yake ya mtoko, alipiga magoti akakamua tambara mara tano kabla Mama hajamkubalia. Mama sauti yake ya usimamizi ilimrudia. Goti hakulitaja hata mara moja.

Jumapili, 9 Juni

Mama kaenda kwa mwanyumba asubuhi. Kabla ya chakula cha mchana karudi, na begi lake.

"Kule sakafu ni safi," akamwambia mke wangu. "Nikae niangalie nini? Hapa nina kazi."

Mke wangu alilia huku anacheka. Roho yangu ilisuuzika, nikatoka nje nisionekane.

Jumatatu, 10 Juni

Nimelipima jambo hili kwa utulivu. Nani amemleta mama hapa? Dawa yangu. Ningefuata njia zile tatu, leo angekuwa kwa mwanyumba. Hilo halina ubishi, ingawa mke wangu amelibishia wakati wa chai.

Ila kuna hatari. Vigae vimekuwa vyeupe kabisa, mbao zimeshuka, jikoni kumetulia. Mama kakaa dirishani tangu asubuhi, mikono mapajani. Mtu wa kazi akikosa kazi, huhama. Nikaangalia huku na huku. Nikaziona kuta.

Nimeanza na ukuta wa nyuma ya kabati, kwa siki na brashi ya chuma. Chokaa inatoka mpaka kwenye tofali. Mama atakaa nasi mwaka mzima.